Usianze na ukuta: jibu kwa dada aliyenunua shamba Kisarawe

Swali la safari hii limetoka kwa dada mmoja nesi wa hapa Dar. Kanunua ekari moja na nusu huko Kisarawe, mita 100 kwa 60, barabara iko mashariki, na nyuma upande wa magharibi kuna vichaka vinavyokwenda mpaka msitu wa Kazimzumbwi. Anataka kuhamia na watoto wawili na mama mkwe, mume ni dereva wa malori kwa hiyo usiku mwingi hayupo. Mipango yake ni nyumba ya vyumba viwili, kuku wa kienyeji 100, mbuzi 12 na bustani kidogo. Anasema, "Fundi kanipigia hesabu ya ukuta wa tofali kuzunguka eneo lote, unakula zaidi ya nusu ya hela niliyonayo. Jirani kaibiwa mbuzi wanne usiku mmoja, mwingine kuku wake wameisha wote kwa kicheche. Nianze na nini, na nikijenga huo ukuta ntakuwa salama? Mama mkwe yeye anasema tumlete mtu azindike kiwanja kwanza."

Dada, habari za zamu. Jibu fupi ni hapana, huo ukuta usijenge, angalau sio mwaka huu. Jibu refu ndo hili hapa, chukua chai kabisa.

Nimekuwa afisa mifugo wa kata miaka mingi, Mkuranga na Kisarawe yote nimeizunguka kwa pikipiki, na nimeitwa asubuhi kuangalia mizoga mpaka nikachoka, na karibu kila mahali nilikuta shida ni ileile, mtu kamaliza hela kuzungushia shamba lote halafu pale mifugo inapolala kapigilia mabanzi na waya wa kuku. Kuna mzee mmoja alikuwa na ukuta wa bloku futi saba na vipande vya chupa juu, ukipita barabarani unasema hapa anakaa mheshimiwa, fisi alipita chini ya geti. Mvua ilikuwa imekula udongo pale chini pakabaki uwazi kama shubiri mbili hivi, fisi hahitaji zaidi ya hapo. Mbuzi sita. Na ule ukuta ndo uliwamaliza maana mbuzi hawakuwa na pa kukimbilia.

Sasa tupige hesabu. Eneo lako la 100 kwa 60 mzunguko wake ni mita 320. Ukichukua kipande cha mita 30 kwa 30 katikati ya shamba, mzunguko wake ni mita 120, yaani kama theluthi tu, na ndani yake inaingia nyumba, banda la kuku, banda la mbuzi, choo, tenki na jiko la nje bila kubanana. Hicho kipande ndo cha kulinda kwa nguvu zako zote. Shamba lililobaki mchana lina watu, usiku lina mihogo tu, mwizi wa mihogo mpe pole na yeye ana njaa zake.

Kwa hiyo kabla ya kuita fundi nenda pale na kamba na vijiti, ukalale hata usiku mmoja kwa jirani, angalia maji ya mvua yanapita wapi, upepo unatoka wapi. Huku Pwani tuna pepo mbili kubwa, kusi inavuma katikati ya mwaka ikitokea kusini mashariki, na kaskazi kuanzia kama Desemba hadi Machi ikitokea kaskazini mashariki, zote mbili unaona zina umashariki ndani yake. Maana yake ukiweka mabanda magharibi ya nyumba harufu inaenda porini mwaka mzima, ukiyaweka mashariki utakula ugali wenye harufu ya beberu. Na kwako imeangukia vizuri kwa sababu barabara iko mashariki, nyumba itakaa katikati ya barabara na mifugo. Mwizi wa mbuzi siku hizi anakuja na bodaboda, anamfunga mbuzi mdomo anamtia kwenye kiroba, mawili matatu kwisha, kinachomsumbua sio kuingia bali ni kutoka na mzigo. Akiona lazima apite dirishani kwako na mbuzi begani mita 50 mpaka barabarani anahamia kwa mwenye banda lililo pembeni ya njia.

Ubaya wake ni kwamba mabanda yatakuwa upande wa msitu, hilo nalijua, ntalifikia.

Nyumba isiwe barabarani kabisa wala nyuma kabisa, mita 30 mpaka 35 kutoka barabarani inatosha. Chumba utakacholala wewe dirisha lake litazame magharibi, kwenye mabanda, yaani ukiamka usiku usitoke nje, unachungulia. Najua jua la jioni litakuchoma, panda mwembe au mwarobaini pale lakini matawi ya chini yakate ili usizibe macho yako mwenyewe. Na tawi lolote lisifike juu ya banda la kuku, kanu, kale kamnyama kembamba kenye madoa, anapanda miti kama paka, chatu naye anapanda. Mabanda yawe mita 12 mpaka 15 kutoka dirishani, karibu ya kusikia, mbali ya kutosha kwa nzi.

Choo nacho, watu wanakitupa kule mwisho wa shamba kwa sababu ya aibu. Kiweke ndani ya ile 30 kwa 30, njia yake isafishwe na iwe na taa. Hapa sikutishi, ila mkoa wetu una historia. Rufiji kati ya mwaka 2002 na 2004 simba walikula watu wengi, na watafiti walipokusanya takwimu za nchi nzima walikuta toka 1990 mpaka 2004 simba wameua zaidi ya watu 560, wengi mikoa ya kusini na Pwani. Walichogundua ni kwamba simba walikuwa wanafuata nguruwe pori mashambani, na wakulima wanalala kwenye madungu kulinda mazao dhidi ya haohao nguruwe, basi wanakutana. Kwako pale simba sio wa kumuwazia kila usiku, lakini mantiki ni ileile kwa chui na fisi na chatu, kinachokuja kwako kinafuata kitu. Nguruwe pori anafuata mihogo, chatu anafuata panya na kuku, nyoka wadogo wanafuata vyura na panya wa kwenye lundo la kuni. Kwa hiyo mihogo na mahindi panda mbele upande wa barabara, na nyuma kule upande wa vichaka acha ukanda wa mita 10 ufyekwe chini kabisa kila mwezi, halafu kwenye mpaka wenyewe panda mkonge mistari miwili na nanasi mbele yake. Mnyama mwoga hapendi kuvuka sehemu nyeupe, na wewe ukimulika tochi unaona kitu. Kuni, mabaki ya bati, matofali yaliyobaki, vyote viinuliwe juu ya mawe visikae chini, na visiegemee banda.

Banda la mbuzi. Jenga la kuinua, futi nne kutoka chini, nguzo imara, sakafu ya mbao au fito zenye nafasi ya sentimita moja na nusu hivi ili kinyesi kianguke na mguu wa kitoto usizame. Mbuzi 12 weka mita 4 kwa 5. Sasa watu hawajui kitu kimoja, ukuta wa banda uzibe, usiwe wa kuonana. Fisi au chui akizunguka nje na mbuzi wanamwona wanapagawa, wanagongana, wanavunja mlango wenyewe wanatoka nje gizani, na huko ndo wanaliwa. Mara nyingi mnyama haingii ndani kabisa, anawatisha tu wajitoe. Huko Simanjiro Wamaasai wamefanyia kazi hili, wanapanda miti ya komifora kama nguzo hai na kuunganisha na wavu wa chuma, miti inakua inaziba, maboma yakatulia. Wewe una mbuzi 12 tu, mbao zilizobanana mpaka kifuani kwa mtu, juu yake wavu kwa ajili ya hewa, inatosha.

Mlango sasa. Dada naomba hapa usibane hela. Mlango wa banda uwe mzito kuliko ukuta. Ufungukie NDANI, ukingo wa fremu uwe upande wa nje, hapo mbuzi wakisukuma kwa hofu wanaubana zaidi. Komeo mbili, ya juu na ya chini, maana mwenye komeo moja katikati mlango unapindishwa pembe ya chini na mnyama anapenya. Bawaba zipigwe bolti zinazotokea upande wa pili, sio skrubu, mwizi haangaiki na kufuli lako la bei kubwa, anakuja na bisibisi anafungua bawaba.

Kuku ndo penye kazi zaidi maana kila kiumbe duniani kinapenda kuku. Kuku 100 wa kulala tu, mchana wanazurura, 4 kwa 5 nayo inatosha ukiweka vijiti vya kulalia. Waya wa kuku ule wa matundu ya pembe sita unafaa kuzuia kuku wasitoke, haufai kuzuia kitu kuingia, mbwa koko anauchana kwa meno. Tumia ule wavu mgumu uliochomelewa, matundu ya nusu inchi kwa futi tatu za chini, juu unaweza kwenda inchi moja. Kicheche na nguchiro wanapita sehemu ambayo ukiitazama unasema hapa haiwezekani, kipimo changu ni yai, yai likipita na kicheche anapita. Chini usiishie kwenye udongo, ama umwage zege, ama uzike wavu futi moja na nusu au uulaze kwa nje kama sketi, anayechimba anachimbia ukutani, anakutana na wavu, harudi nyuma kuanza mbali, akili hiyo hana. Kicheche ana tabia mbaya, akiingia haui mmoja wa kula, anaua kila kinachoruka ruka, ndo maana jirani yako kaisha kuku wote usiku mmoja na akakuta mizoga imelala mizima mizima. Ukikuta hivyo ni yeye au kanu. Ukikuta kuku kapungua tu bila damu wala manyoya hilo ni tatizo la binadamu. Na ukikuta chatu kalala ndani ya banda kavimba usishangae, aliingia mwembamba akashindwa kutoka, ita watu wa wanyamapori wamchukue, usimkate kate mbele ya watoto.

Mchana ni mwewe na kunguru na kenge. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa ndo wenye mji, vifaranga kwao ni karanga. Kuna wanaopaka vifaranga rangi ya pinki na kijani, nimeona wakisifia, mi siwezi kukuapia, ila kifaranga chini ya tenga mpaka wiki nne hilo nakuapia. Panda vichaka vifupi au mipasheni kwenye kichanja pale kuku wanapozurura, mama kuku akipiga kelele wana pa kujificha.

Halafu siafu, ambao hakuna aliyekwambia na hata fundi wako hawajui. Masika yakianza vizuri wanahama, na wakikuta banda limefungwa kuku wamelala, kuku usiku haoni, anasimama tu analiwa kuanzia machoni. Nimeshaona kuku 60 wameisha na mwenyewe alidhani ni wanga. Banda likiwa limeinuliwa, kila mguu uweke ndani ya kopo la oili chafu, kama ni la chini mwaga majivu mengi kuzunguka yakilowa unabadilisha. Ukisikia kuku wanahangaika usiku wa mvua usisubiri asubuhi, mulika chini kwanza kabla hujakanyaga, ukiona mstari fungua mlango kuku watoke, bora ukawatafute mitini kesho.

Na nikiwa hapo hapo, ugonjwa wa mdondo unaua kuku wengi kuliko vicheche vyote vya Kisarawe. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu, usipofanya hiyo haya yote niliyoandika umejenga gereza la maiti.

Fensi ya ile 30 kwa 30: nguzo kila mita mbili na nusu, hizo ni kama 48, wavu futi sita, mstari mmoja wa bloku chini uliozikwa nusu, seng'enge mistari miwili juu. Geti moja tu, zege chini yake ili mvua isikufanyie kama ya yule mzee. Mpaka wa nje wote mita 320 panda uzio hai, mibono kaburi inaota haraka kwa vipandikizi na mbuzi hawaigusi, ndani yake changanya michongoma yenye miiba ambayo itachukua miaka mitatu minne. Minyaa watu wanaipenda lakini una watoto, utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, mi ningeacha.

Ila kabla hujapanda uzio angalia kama kuna njia ya miguu inakatiza shambani kwako. Lazima ipo, ekari moja na nusu Kisarawe isiyo na njia sijaiona. Watu wanapita hapo kwenda kisimani toka babu zao, ukiziba tu bila kusema umejitangazia uadui na kijiji kizima. Rudi ndani mita mbili upande mmoja, wape njia nje ya uzio wako, waite na mwenyekiti wa kitongoji waione. Hao wapita njia ndo watakaokwambia jana usiku kulikuwa na pikipiki imesimama hapa. Mwizi wa mbuzi mara nyingi anajulishwa na mtu aliyewahi kuingia ndani, kibarua, mnunuzi wa mayai, kijana wa kuchimba choo, kwa hiyo mayai uzia getini, na mbuzi wahesabu jioni kwa sauti na uwatie alama za masikio, ukienda kwa mtendaji bila alama mbuzi wote ni weusi na weupe.

Mbwa chukua wawili, dume na jike, wa hapahapa kijijini, achana na hao wa bei mbaya wanaolala kwenye feni. Wale chakula kwenye sahani yao, kutoka kwa mtu mmoja, ndani ya uzio, na uwakataze toka wadogo kuokota chini, maana njia ya kwanza ya mwizi ni nyama yenye sumu. Chanjo ya kichaa cha mbwa wakiwa na miezi mitatu halafu kila mwaka, tarehe 28 Septemba ni siku yake duniani na mara nyingi wilaya zinachanja bure siku za karibu na hiyo. We ni nesi, ya kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 sikufundishi. Ongeza kanga sita, wanalala mtini na hawana urafiki na mtu, mbwa akinyamazishwa kanga hanyamazi.

Taa ile nyeupe inayowaka usiku kucha usiweke, inavuta wadudu, wadudu wanavuta vyura, vyura wanavuta nyoka, na mnyama anaizoea. Za sola zenye senza, nne, juu mita tatu, moja kila kona ya mabanda. Yule kijana wa Kimaasai wa Kenya, Richard Turere, alikuwa na miaka 11 tu pembeni ya mbuga ya Nairobi alipogundua simba hawaogopi taa iliyosimama, wanaogopa inayotembea, akaunganisha taa zinazomweka kwa zamu.

Mambo mawili usiyafanye hata ukishauriwa na mtu mzima. Usivute waya wa umeme wa nyumbani kwenye fensi, utaua mtoto wa jirani na utakwenda jela na ni halali yako. Na usitege sumu, sio tu kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza, sumu ya kwenye mzoga inaua tai, inaua mbwa wako, inaua kuku aliyedonoa mahali ulipomwagia. Mnyama mkali akikudhuru toa taarifa kijijini na kwa afisa wanyamapori wa wilaya haraka, mzoga uache na upige picha na nyayo, kuna utaratibu wa kifuta jasho, hela yenyewe haifiki thamani ya ulichopoteza na inachelewa, lakini bila taarifa hupati hata hiyo.

Mpangilio wako kwa hela uliyonayo uwe hivi, uzio hai na mkonge panda vuli hii kabla hata ya nyumba maana miti haisubiri, kisha nyumba na choo, kisha banda la mbuzi, kisha fensi ya ndani, kuku waje mwisho na waanze 30 sio 100. Mbuzi wasitangulie kwenda kule kabla hujalala wewe. Najua kuna ndugu atakwambia peleka mbuzi kwanza kijana atawaangalia, huyo kijana naye ana ndugu zake.

Na mama mkwe kuhusu zindiko usigombane naye, atakaa na wewe miaka, na mganga akija wanakijiji watajua amekuja, na wapo wezi wanaoogopa hilo kuliko mbwa. Mwambie tu azike vitu vyake kwenye pembe za ile 30 kwa 30, sio njiani kwenye ile njia ya watu, na umwombe aje kabla zege la geti halijamwagwa.